Mali Bila Daftari: Kisa cha Wakelti na Warumi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu msemo huu huambiwa mfanyabiashara, lakini unaweza kuambiwa hata taifa zima. Ushahidi wangu nautoa Ulaya ya kale, katika nchi za Wakelti kabla hazijatiwa mkononi na Warumi.

Huko Gauli, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Ufaransa ya leo, Wakelti hawakuwa watu wa porini kama wengi wanavyodhani. Walikuwa na miji yenye ngome, mafundi hodari wa chuma na dhahabu, na sarafu zao wenyewe. Zaidi ya hayo walikuwa na wanavyuoni walioitwa madruidi. Hao ndio waliokuwa makuhani, mahakimu na walimu. Mwanafunzi wao aliweza kukaa masomoni hata miaka 20, akihifadhi beti baada ya beti, maana elimu yao ilitungwa kwa mashairi na ilikuwa mwiko kuiandika. Si kwamba hawakuzijua herufi, la! Katika hesabu na shughuli nyingine walitumia herufi za Kiyunani. Bali elimu ya dini ilikaa kifuani.

Mimi niliyekalia jamvi la chuo, nikahifadhi sura baada ya sura huku bakora ya mwalimu i karibu, siwezi kumdharau mtu wa namna hiyo. Naijua kazi yake. Lakini sisi tulikuwa na ubao wa kuandikia na msahafu wa kurejea. Kifua kikisahau, maandishi hukikumbusha. Druidi alikuwa na kifua tu.

Je, hayo twayajuaje ikiwa wenyewe hawakuyaandika? Hapo ndipo penye msiba. Aliyetuhadithia ni Julius Caesar, yule yule jemadari wa Kirumi aliyeanza kuiteka Gauli mwaka wa 58 K.K. Mkono mmoja ulishika upanga, wa pili kalamu. Kwa maoni yake, madruidi walikataa kuandika kwa sababu mbili: hawakutaka elimu yao ienee ovyo, na walichelea kwamba mwanafunzi akiegemea maandishi ataacha bidii ya kuhifadhi. Huenda ndivyo, lakini druidi hayupo wa kukubali wala kukanusha. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mwaka wa 52 K.K. kijana shujaa, Vercingetorix, aliyaunganisha makabila mengi ya Gauli. Alimshinda Caesar huko Gergovia, kisha akazingirwa katika mji wa Alesia mpaka njaa ikamlazimisha kujitoa. Mwaka wa 46 K.K. alitembezwa Roma mbele ya umati kwa sherehe ya ushindi, kisha akauawa. Leo Wafaransa wamemsimamishia sanamu, lakini habari zake nyingi wamezisoma katika kitabu cha adui yake.

Ikafuata zamu ya Britania, iliyovamiwa kwa amri ya Kaisari Claudius mwaka wa 43 B.K. Mnamo mwaka wa 60 au 61, gavana Suetonius Paulinus alivuka maji hadi kisiwa cha Mona, ambacho leo huitwa Anglesey, yalikokuwa makao ya madruidi. Askari wake waliwaua watu na kuikata misitu yao mitakatifu. Wakati huo huo, upande wa mashariki, malkia Boudica, ambaye Warumi walimpiga viboko na kuwanajisi binti zake, aliinuka akachoma miji mitatu, London ukiwa mmojawapo. Mwishowe alishindwa. Kisa chake nacho tumeachiwa na Mrumi, Tacitus.

Baada ya upanga ilikuja shule. Tacitus huyo huyo asimulia jinsi mkwewe, gavana Agricola, alivyowasomesha wana wa machifu wa Britania hata wakaipenda lugha na vazi la Kirumi. Wala hakuficha kwamba walichokiita ustaarabu kilikuwa ni sehemu ya utumwa wao. Msomaji wa Afrika hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Na Kigauli kimekwenda wapi? Kimekufa. Kifaransa ni mtoto wa Kilatini. Yamebaki maneno machache na majina ya mahali, kama vile Paris, litokanalo na kabila la Parisii. Lakini mwaka wa 1897, huko Coligny nchini Ufaransa, vilifukuliwa vipande vya bamba la shaba lenye kalenda ya miaka mitano. Herufi ni za Kilatini, ila lugha ni Kigauli, na miezi imetajwa kwa majina yake, mingine ikitiwa alama ya heri na mingine ikinyimwa. Bamba moja lililoandikwa latuambia jambo ambalo maelfu ya beti hayawezi kutuambia tena.

Huko Ireland, ambako Warumi hawakutawala, washairi waliendelea na kazi yao, na Ukristo ulipoleta maandishi, watawa wakaziandika hadithi za kale. Zingali zikisomwa. Basi ndugu zangu malenga, na nyinyi mama zetu mlio na tenzi za mabibi ambazo hazijapata kutiwa wino, msingoje. Muiteni mjukuu aliye na daftari la shule, mumsomee polepole, naye aandike.