Kuchaji na Kutunza Chaji: Istilahi za Betri ya Gari na Umeme wa Jua

Vifaa vidogo vya umeme wa jua, vya wati 5 hadi 20, ambavyo huwekwa juu ya gari lililosimama ili betri yake isife, vinazidi kutumika. Na pamoja navyo huja karatasi za maelezo ambazo wafasiri hutakiwa kuzitia katika Kiswahili. Mojawapo ya karatasi hizo ililetwa kwetu. Rasimu yetu ya kwanza ilisema kwamba kifaa cha wati 5 "huchaji betri ya gari". Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, nayo inapotosha. Dereva wa kituo cha afya akiisoma atakifunga kifaa asubuhi kwenye betri iliyokwisha kabisa, akitumaini kwamba jioni gari la wagonjwa litawaka. Halitawaka jioni hiyo, wala wiki ijayo.

Sababu yake inafaa ielezwe, kwa kuwa istilahi haiundwi kabla dhana haijaeleweka. Betri ya kawaida ya volti 12 ina vyumba sita, na katika kila chumba mna mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi. Ikiwa imejaa na kupumzika hupima volti 12.6 au zaidi kidogo, ikipima 12.0 imekaribia kuisha. Hupoteza chaji hata isipotumika, na joto huuharakisha upotevu huo. Isitoshe, gari la siku hizi halilali: saa yake, king'ora cha kuzuia wezi na kumbukumbu za mitambo yake ya elektroniki huendelea kutumia umeme. Miliampea 50 huonekana si kitu. Lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2, na kwa siku 30 ni ampea-saa 36, yaani zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 60. Betri ikiachwa hivyo kwa muda mrefu, salfeti ya risasi hujenga fuwele ngumu juu ya mabamba, na sehemu ya uwezo wake hairudi tena.

Paneli ya wati 5 hutoa kiasi cha ampea 0.28 katika jua kali. Siku yenye jua la namna hiyo kwa saa 5 huipatia betri ampea-saa 1.4, hesabu ambayo hufidia zile 1.2 zilizoliwa na kubakiza kidogo sana. Kuijaza betri ile ile ikiwa tupu kungechukua zaidi ya siku 40, hata kama gari lisingetumia chochote. Na likiwa linatumia kama tulivyoeleza, karibu siku 300.

Basi hizi ni dhana mbili. Tunapendekeza kuchaji libaki neno la jumla. Kujaza betri litumike pale betri iliyopungua inaporudishwa katika ujazo wake. Na kutunza chaji litumike pale betri iliyokwisha kujaa inapozuiwa isipungue. Kifaa chenyewe kiitwe kitunzachaji cha jua. Tumeona pia "chaji ya kuelea", tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Msomaji atauliza, inaelea wapi?

Kosa kubwa zaidi limo katika kipimo. Nyaraka nyingi huandika "betri ya ampea 60 kwa saa". Neno kwa huashiria kugawanya, kama katika kilomita 60 kwa saa, ilhali hapa ampea zimezidishwa kwa saa. Ampea-saa ni ndugu wa kilowati-saa, ile ambayo mteja wa umeme huiita yuniti. Mwalimu wa fizikia anayeruhusu "kwa saa" katika betri atapata tabu kuwaeleza wanafunzi wake mwendo kasi.

Kuhusu umeme unaotumika gari likiwa limezimwa, mafundi hawakungoja kamati yoyote: husema kuna kitu kinakula betri. Mwenzetu mmoja alipendekeza "unyonyaji", lakini neno hilo lina uzito wake tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hatukuona sababu ya kuuhamishia gereji. Kula chaji linatosha, hata katika maandishi rasmi.

Diodi tumeliacha lilivyo. Kazi yake ni kuruhusu umeme upite upande mmoja tu, ili usiku paneli isirudi kuitumia betri iliyokuwa ikiitunza. Kidhibiti chaji ni kifaa kingine, na wafasiri wasivichanganye: hicho huzuia volti zisipande mno. Paneli ya wati 20 isiyo na kidhibiti yaweza kuipandisha betri iliyojaa kupita volti 14.4, maji yake yakageuka gesi na kupungua.

Liko pia agizo fupi ambalo wafasiri hulipita haraka: kuchomeka waya katika tundu la kiberiti cha sigara. Katika magari mengi tundu hilo hukatiwa umeme ufunguo unapozimwa, na kifaa kilichochomekwa hapo hakitunzi chochote. Tafsiri iseme wazi: "Hakikisha tundu lina umeme ufunguo ukiwa umezimwa, kama halina, funga waya moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi."

Mwisho, palipoandikwa "betri" pekee, mfasiri aulize ni betri gani. Betri za lithiamu, ambazo sasa zimo katika baadhi ya pikipiki, huhitaji kidhibiti cha aina yake. Hesabu tulizozitoa hapa ni za betri ya risasi na asidi, na jina hilo liandikwe kamili.