Mtambo Unaojua Ila Zake

Kizuri hakikosi ila, walisema wahenga. Hata hivyo, kwa miaka mingi mafundi wa kompyuta walijitahidi kuikana methali hiyo. Chipu iliyokutwa na waya mmoja mbovu mara nyingi ilitupwa, na gharama ya viwanda visivyoruhusu hata punje ya vumbi ikazidi kupanda.

Ndipo wataalamu walipoanza kutafuta njia nyingine. Itazameni chumvi, ndugu wasomaji. Maji ya bahari yakikauka juani, chembe zake hujipanga zenyewe na kuwa vipande vidogo vya pembe nne. Hakuna mnyapara anayezisimamia. Je, nyaya na swichi zenye upana wa nanomita chache, yaani sehemu chache katika milioni ya milimita, haziwezi kuundwa vivyo hivyo?

Zaweza, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, vitu vijipangavyo hufuata mtindo mmoja unaojirudia, kama ukili wa mkeka. Ramani yenye kona za kila namna huvishinda. Pili, kati ya mamilioni, baadhi hukosea mahali pao, na hapana mkono mdogo wa kutosha kwenda kuvirekebisha.

Kwa hiyo usanifu wa kompyuta wenyewe hauna budi kubadilika. Mwaka 1998, watafiti wa Hewlett-Packard na wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza katika jarida la Science habari za Teramac, mtambo uliojengwa kwa chipu za kawaida, nyingi zikiwa mbovu. Ulikuwa na kasoro 220,000 hivi. Lakini katika baadhi ya kazi ulikuwa na mbio mara 100 kuliko kompyuta bora ya mezani ya wakati ule.

Uliwezaje? Njia za kuunganisha sehemu zake zilikuwa nyingi kupita mahitaji. Kwanza kila sehemu ilipimwa, na kila kasoro ikaandikwa. Kisha programu ikaipitisha kazi katika sehemu nzima tu.

Hata leo chipu za kawaida bado huchorwa kiwandani kwa mwanga, na kompyuta iliyojiunda yote haijafika sokoni. Lakini somo la Teramac lingali palepale, na kila mfanyakazi aliyesimama mbele ya mtambo atalitambua: kasoro iliyoandikwa huzungukwa, na kazi ikaendelea, iliyofichwa ndiyo isimamishayo kazi.