Demani na Vuli: Hali ya Bahari, Mbinu za Wavuvi Wadogo na Tafsiri ya Takwimu za Uvuvi katika Pwani ya Tanzania

1.0 Utangulizi

Kalenda ya mvuvi mdogo wa pwani ya Tanzania huongozwa na pepo mbili kuu: upepo wa kusi, unaovuma takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, na upepo wa kaskazi, unaovuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi. Kati yake kuna kipindi cha mpito kinachoambatana na mvua za vuli. Kusi inapolegea husemwa kuwa demani imeingia. Upepo unapokosa mwelekeo maalumu, husemwa kuwa ni tanga mbili. Makala hii inafafanua namna hali ya bahari katika kipindi hicho inavyoongoza uteuzi wa zana na maeneo ya kuvulia. Aidha, inaonesha kwa nini ongezeko la samaki dikoni katika miezi hiyo halipaswi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa ni ongezeko la samaki baharini.

2.0 Hali ya Bahari

Wakati wa kusi, upepo mkali huchafua bahari, huchanganya tabaka za maji na kuyapoza. Mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini huongezeka kasi. Ngalawa, mitumbwi na madau yasiyo na mashine hulazimika kubaki ndani ya miamba ya matumbawe, au kutotoka kabisa.

Demani inapoingia, mawimbi hupungua, joto la maji huanza kupanda na mkondo hulegea. Mvuvi anaweza kutoka alfajiri kwa upepo wa nchi kavu na kurudi kwa upepo wa baharini baada ya adhuhuri. Hata hivyo, utulivu huo una hadhari zake. Mvua za vuli huweza kuja na dhoruba za ghafla, na chombo cha tanga kilichokwenda mbali huweza kukosa upepo wa kukirudisha.

Juu ya mabadiliko hayo ya majira kuna mzunguko wa mwezi. Bamvua hutokea mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Baina yake huwa maji mafu. Katika Mkondo wa Unguja, tofauti ya kupwa na kujaa kwa maji wakati wa bamvua hupita mita 3, kiwango kinachotosha kuamua ni zana ipi itumike siku ipi.

3.0 Mbinu za Uvuvi

Mbinu ya kwanza ni mshipi wa mkono nje ya mwamba. Mvuvi hupendelea maji mafu kwa sababu mkondo ni hafifu: chubwi huzama wima, chambo hukaa karibu na mwamba wanakoishi changu na chewa, na nanga hushika. Wakati wa bamvua mshipi huohuo hupeperushwa na maji, na mvuvi hushindwa kutambua samaki anapogusa ndoana. Kwa nguru na jodari, mshipi huburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, hasa pale ndege wanapoonesha kundi la samaki wadogo.

Mbinu ya pili ni uvuvi wa dagaa na vibua kwa taa na nyavu za kuzungushia. Mwanga huwavuta samaki wadogo karibu na chombo, lakini nguvu yake hupungua mbalamwezi inapoenea. Kwa hiyo kazi hufanyika zaidi katika usiku wa giza na husimama mwezi unapokuwa mpevu. Bahari tulivu huwawezesha wavuvi kuufunga wavu bila kundi kutawanyika.

Mbinu ya tatu ni uvuvi wa pweza kwa miguu. Hapa bamvua, inayomkwamisha mvuvi wa mshipi, huwa neema: maji hupwa sana, mwamba huwa wazi, na wanawake kwa wanaume huchunguza mashimo kwa vijiti na mikuki.

4.0 Tafsiri ya Takwimu

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mvuvi ametoka siku 10 mwezi Julai na kupata kilo 80. Mwezi Oktoba ametoka siku 20 na kupata kilo 200. Kwa jumla, mavuno yameongezeka kwa asilimia 150. Kwa siku, yameongezeka kutoka kilo 8 hadi 10, yaani asilimia 25. Iwapo Julai alivua saa 4 kila siku na Oktoba saa 5, mavuno kwa saa ni kilo 2 katika miezi yote miwili. Kilichobadilika ni fursa ya kuvua.

Tofauti hiyo ina uzito katika usimamizi. Kamati ya kijiji inayotazama jumla pekee huweza kuamini kuwa mwamba umejirudishia samaki, ikaruhusu zana zaidi, ilhali ni utulivu wa bahari uliofikisha vyombo kwenye miamba ambayo kusi ilikuwa imeihifadhi.

5.0 Hitimisho

Demani na tanga mbili ni kipindi cha fursa kubwa kwa mvuvi mdogo, na kwa sababu hiyohiyo ni kipindi cha shinikizo kubwa kwa miamba. Takwimu za dikoni zinapaswa kuambatanishwa na idadi ya siku na saa za kuvua, aina ya zana na chombo, eneo lililovuliwa, na hali ya mwezi na maji. Maarifa ya wavuvi kuhusu pepo na bamvua yanastahili kuingizwa katika uchambuzi wenyewe, kwani ndiyo yanayoeleza kwa nini chombo kilitoka au kilibaki ufukweni.