Gari la Magurudumu Manne: Tulibadili au Tuliache?

Vijiji vingi havina barabara ya lami. Wakati wa masika barabara hugeuka tope na gari dogo hukwama. Ndiyo maana zahanati, miradi na vyama vya ushirika hupenda magari kama Land Rover na Toyota Land Cruiser. Injini ya magari haya inaweza kuzungusha magurudumu yote manne.

Lakini magari haya si ya aina moja. Tena, fundi anaweza kuligeuza gari la aina moja likawa la aina nyingine. Kazi hiyo hutaka fedha. Kabla kijiji hakijatoa fedha zake, inafaa kila mwanakijiji aielewe kazi yenyewe.

1. Aina mbili za magari

Aina ya kwanza ni gari la nguvu ya muda. Siku zote injini huzungusha magurudumu mawili ya nyuma. Yale ya mbele hufuata tu. Dereva akifika penye tope au mchanga, huingiza gia ya magurudumu manne. Akitoka kwenye tope, huitoa. Land Rover nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa hivyo.

Aina ya pili ni gari la nguvu ya daima. Injini huzungusha magurudumu yote manne wakati wote, kwenye tope na kwenye lami. Land Rover One Ten, iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, ni ya aina hii. Baadhi ya Land Cruiser za namba 80, zilizoanza kutoka mwaka 1990, nazo ni hivyo.

2. Kazi ya difu

Watazame ng'ombe wawili wa kulima wanapogeuka mwisho wa shamba. Ng'ombe wa nje hutembea hatua nyingi. Ng'ombe wa ndani hutembea hatua chache. Ukiwalazimisha wapige hatua sawasawa, hawatageuka vizuri, au nira itavunjika.

Magurudumu ya gari ni hivyo hivyo. Kwenye kona, gurudumu la nje huenda mbali kuliko la ndani. Difu ndiyo huyaruhusu yatofautiane. Kuna difu ya nyuma na difu ya mbele.

Tena, kwenye kona magurudumu ya mbele huenda mbali kuliko ya nyuma. Umepata kuona gurudumu la mbele likilikwepa jiwe na la nyuma likalikanyaga? Sababu ni hiyo. Gurudumu la nyuma hukata kona. Kwa hiyo gari la nguvu ya daima lina difu ya tatu, katikati, ili mbele na nyuma zitofautiane.

Gari la nguvu ya muda halina difu ya katikati. Ukiingiza gia ya magurudumu manne, mbele na nyuma hufungwa pamoja. Kwenye tope si kitu, maana magurudumu huteleza kidogo yakajirekebisha. Kwenye lami kavu hayawezi kuteleza. Vyuma hujisokota kama kamba. Usukani huwa mzito, tairi huliwa, na mwisho kifaa huvunjika.

3. Fundi hufanya nini?

Ili kuligeuza gari la daima kuwa la muda, fundi hufanya kazi mbili kubwa.

Kwanza, hufungua gia boksi ndogo iliyo nyuma ya gia boksi kubwa. Hutoa difu ya katikati na kuweka chuma kisichotofautisha mbele na nyuma. Swichi au mkono uliokuwa ukifunga difu ya katikati sasa hutumika kuingiza na kutoa nguvu ya mbele.

Pili, huweka habu mpya kwenye magurudumu ya mbele. Habu hizi hufungwa na kufunguliwa kwa mkono. Zikifunguliwa, magurudumu ya mbele huzunguka peke yake. Vyuma vya ndani, difu ya mbele na propela ya mbele hupumzika. Zikifungwa, vyote huungana tena na magurudumu.

4. Faida

Vyuma vya mbele havizunguki bila sababu, kwa hiyo haviliki upesi. Mtetemo na kelele za propela ya mbele hupungua. Mafuta hupungua kidogo. Tazama neno hilo: kidogo. Asikudanganye mtu kwamba gari litakunywa nusu ya mafuta ya zamani.

5. Hasara

Hapa tusome polepole.

Nguvu yote sasa huenda nyuma. Difu ya nyuma na ekseli zake hubeba kazi iliyokuwa ikibebwa na pande mbili. Gari likipakiwa mizigo mizito kila siku, vifaa hivyo huchoka upesi.

Kwenye barabara ya udongo iliyolowa, gari huteleza nyuma kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Kwenye mteremko, injini hushika magurudumu ya nyuma tu. Land Rover One Ten ina jambo jingine. Breki yake ya mkono hushika propela, haishiki magurudumu yenyewe. Zamani, difu ya katikati ikifungwa, breki hiyo ilishika magurudumu yote manne. Baada ya kubadili, habu zikiwa wazi, hushika mawili ya nyuma tu. Ukiegesha mlimani, weka gia na uzuie tairi kwa jiwe.

Tena, habu zikiwa wazi muda mrefu, jointi na beringi za mbele hazipati oili vizuri, kwa sababu vyuma vya ndani havizunguki.

6. Tupige hesabu

Tuseme gari la zahanati huenda kilometa 1,000 kwa mwezi. Tuseme badiliko litaokoa nusu lita kwa kila kilometa 100. Kwa mwezi mmoja tutaokoa lita 5. Kwa mwaka mzima ni lita 60. Zidisha lita 60 kwa bei ya mafuta kwenu. Kisha mwulize fundi bei ya vifaa na kazi. Itachukua miaka mingapi fedha hizo kurudi?

Uliza na jambo la pili. Je, kelele ya gari inatokana na krosi ya propela iliyolika, au beringi iliyokufa? Kama ni hivyo, tengenezeni kwanza kilichoharibika. Ni rahisi kuliko kubadili gari zima.

Uliza na la tatu. Gari hili huenda wapi zaidi? Likikimbia kwenye lami siku nyingi, badiliko linaweza kufaa. Likipita kwenye tope na milima kumpeleka mama mjamzito hospitali, ni afadhali kuliacha kama lilivyotengenezwa.

7. Kama mmelibadili

Dereva afuate mambo haya:

(a) Afunge habu zote mbili kabla ya kuingia kwenye tope. Akikwama kwanza, itambidi ashuke azitafute ndani ya tope.

(b) Asifunge habu moja na kuacha nyingine.

(c) Asiingize gia ya magurudumu manne kwenye lami kavu.

(d) Kila mwezi afunge habu na kuendesha kilometa chache bila kuingiza gia ya magurudumu manne, ili oili ifike kwenye jointi.

(e) Tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja.

(f) Dereva mgeni asipewe ufunguo kabla ya kuelezwa mambo haya.

Ndugu msomaji, fundi anajua spana. Lakini fedha ni za kijiji, na mgonjwa atakayepakiwa usiku wa mvua ni ndugu yetu. Kwa hiyo tuulize, tupige hesabu, kisha tuamue pamoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Difu ya katikati hufanya kazi gani?
2. Kwa nini ni hatari kuingiza gia ya magurudumu manne kwenye lami kavu katika gari lisilo na difu ya katikati?
3. Taja hasara tatu za kubadili gari.
4. Gari likienda kilometa 2,000 kwa mwezi na kuokoa nusu lita kwa kila kilometa 100, litaokoa lita ngapi kwa mwaka?
5. Barabara za kwenu zikoje wakati wa masika? Gari la aina gani linafaa? Toeni sababu.