Mwili Baada ya Kisu (4): Homa ya Usiku wa Pili

Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, ambazo tangu 2024 zimekuwa zikizunguka hospitali za halmashauri, zimewasogezea upasuaji wananchi wa mikoa ya pembezoni kama Rukwa, lakini elimu ya kumtunza mgonjwa baada ya kisu haijaenda kwa kasi hiyo. Elimu hiyo huanza na kuielewa homa: chembe nyeupe za damu hutoa saitokini, yaani protini za kupashana habari, mara nyama inapokatwa, na ini likipata habari hizo hutengeneza protini iitwayo CRP, ambayo hufikia kilele katika damu siku ya pili au ya tatu. Ndiyo maana hata kidonda kisicho na maambukizi huvimba, huwa chekundu na huweza kuleta homa, kisha hali hiyo, yaani inflamesheni, hutulia yenyewe.

Ushahidi wa thamani kubwa wa homa hiyo ni wa mmisionari Mwingereza Robert Felkin, aliyeshuhudia mwaka 1879 huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, mwanamke wa miaka kama 20 akipasuliwa ili mtoto atolewe. Mpasuaji, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, na hiyo ni dhuluma kwa historia ya tiba ya Afrika, alimnywesha mgonjwa pombe ya ndizi, akanawa kwa pombe hiyo na kuliosha tumbo. Palipovuja damu paligusishwa chuma cha moto, na kidonda kikafungwa kwa misumari saba myembamba iliyong'arishwa, ikazungushiwa nyuzi za magome na kupakwa rojo la mizizi iliyotafunwa. Joto la mgonjwa halikuvuka nyuzi 37.6, isipokuwa usiku wa pili lilipofika 38.3, kisha likashuka. Misumari ya mwisho ilitolewa siku ya sita, na siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Usiku kama huo ndio unaowakimbiza ndugu duka la dawa muhimu kununua antibiotiki bila cheti, kosa lisilovumilika, kwa kuwa dawa hizo haziondoi inflamesheni bali huwazoesha bakteria usugu. Homa hiyo aelezwe muuguzi. Inayozuka baada ya siku ya tatu, au usaha na wekundu unaotanuka, humrudisha mgonjwa hospitali siku hiyohiyo.

Daktari na katekista Adrian Atiman, aliyetibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu 1889 hadi kifo chake 1956, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kabla penisilini haijaenea, hivyo uangalizi wa karibu ndio uliokuwa ngao. Mgonjwa anayeruhusiwa Sumbawanga na kuteremka Mtowisa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, anastahili kadi yenye joto la kila jioni aliyolala wodini, ili mhudumu wa zahanati akipima 38 ajue kama homa inashuka au ndiyo kwanza inaanza.