Kitochi Si Umaskini: Namna ya Kuchagua Simu ya Kazi ya Shamba

Vijana wenzangu wa Tarime na Serengeti, leo siongelei mbolea wala dawa. Naongelea kifaa ambacho kila mmoja wenu anacho mfukoni, lakini wengi mnakinunua bila kukifikiria kama mnavyofikiria pampu ya kunyunyizia. Ni simu.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Masika ya mwaka juzi nilikuwa nimefungua kundi la WhatsApp la wakulima wa mahindi. Nilijiona nimepiga hatua. Badala ya kuzunguka na pikipiki kijiji kwa kijiji, naandika mara moja, watu wote wanasoma. Jumatatu moja nikaona dalili za viwavijeshi vamizi kwenye mashamba matatu. Hawa ndio wale walioripotiwa nchini mwaka 2017, si wageni tena. Nikaandika kwenye kundi: kagueni mahindi asubuhi, fungueni moyo wa mmea, mkiona viwavi wadogo pigeni dawa mapema kabla hawajazama ndani.

Siku tisa baadaye nikapita kwa dada mmoja upande wa Nata, mwenye ekari tatu. Viwavi walikuwa wameshakuwa wakubwa, wamejichimbia ndani ya moyo wa mhindi na kuziba juu kwa kinyesi chao. Hapo dawa unaipiga na haiwafikii. Msimu uliotangulia alivuna gunia 40 na kitu. Safari ile hakufika 20.

Nikamuuliza, "Dada, ujumbe wangu hukuuona?" Akatoa kitochi chake mfukoni mwa aproni, akanionyesha. Akasema, "Bwana shamba, mimi simu ninayo na iko hewani usiku na mchana. Ungenipigia."

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile kila tangazo la hatari nalituma kwa SMS kwanza, ndipo naweka picha WhatsApp.

Sasa geuza upande wa pili. Kijana mmoja wa Nyamwaga, Tarime, alipouza nyanya zake za kwanza alinunua simu janja ya laki mbili na themanini. Hakuna ubaya, ni jasho lake. Mchumo wa pili, mnunuzi wa Sirari akaja na gari, akampigia saa kumi na moja jioni. Namba haipatikani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na chaji aliyokuwa nayo ilishaishia kwenye video. Mnunuzi akapakia kwa jirani, akaondoka. Kesho yake kijana akaenda kuuza matenga yake Tarime mjini kwa nusu ya bei, maana nyanya iliyoiva haisubiri mtu achaji simu.

Mmoja alikuwa na simu iliyo hewani, mimi sikumfikia. Mwingine alikuwa na simu ya kisasa, mnunuzi hakumfikia. Ndiyo maana nasema simu ya biashara ya shamba kazi yake ya kwanza ni moja tu: ipatikane. Mengine yote yanafuata.

Andika kwanza kazi za simu yako

Kabla ya kwenda dukani, chukua daftari uandike wiki iliyopita ulitumia simu kufanya nini kinachohusu hela. Nimefanya zoezi hili na vikundi kadhaa, na orodha hutoka hivi hivi: kupiga na kupokea, SMS, kutuma na kupokea pesa, tochi, saa ya kuamkia, redio, na kikokotoo cha kupigia hesabu za kilo. Yote hayo yamo kwenye kitochi.

Hata huduma nyingi za kilimo hazihitaji bando. M-Kilimo ya Wizara ya Kilimo unaifikia kwa kupiga *152*00#, na menyu inafunguka kwenye simu ya batani vizuri tu. Mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/2023, nayo inakwenda na usajili, na taarifa zake zinakuja kwa SMS kwenye namba uliyoandikisha. Kwa hiyo badili simu upendavyo, namba usibadili.

Wazo la simu ya namna hii si la jana. Mwaka 2003 Nokia walitoa simu yao ya 1100, yenye tochi kichwani na batani zilizofunikwa vumbi lisiingie. Iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye vumbi na umeme wa kubahatisha, yaani sisi. Kumbe simu ya tochi haikuwa bahati mbaya ya mtu maskini. Watu walikaa chini wakafikiria kazi.

Hesabu ya chaji

Tuchukue mfano wa mtu asiye na umeme nyumbani, anayechaji kibandani kwa shilingi 500. Simu janja ikichajiwa kila siku, kwa mwezi ni 15,000. Kitochi kikichajiwa mara mbili kwa wiki, ni kama 4,000. Tofauti ni 11,000 kwa mwezi, sawa na 132,000 kwa mwaka. Hapo sijaweka bando. Badilisha namba hizo kwa bei ya kijijini kwako, uone mwenyewe.

Kwa wenzetu wa Robanda, Park Nyigoti na Bonchugu, chaji si suala la hela peke yake. Mnalala mashambani kulinda tembo. Saa nane usiku ukisikia mahindi yanavunjika, unahitaji simu ya kuwaita wenzako na askari wanyamapori. Ushauri wangu hapo ni mmoja: nunua tochi kubwa ya kulindia, ya simu iache ipumzike. Usimalize betri kwa kumulika halafu ukose ya kupigia.

Mambo nane ya kuangalia dukani

1. *Mtandao unaoshika shambani.* Usiulize mtandao upi mzuri Tarime mjini. Uliza upi unashika pale ulipolima. Azima simu za majirani wenye laini tofauti, simama katikati ya shamba, piga. Kisha hakikisha simu unayonunua haijafungwa kwa laini za kampuni moja tu. Nyingine huuzwa rahisi kwa sababu hiyo.

2. *Betri inayotoka.* Chagua simu ambayo unafungua mgongo na kutoa betri kwa mkono. Angalia aina yake. Betri za BL-5C, kwa mfano, zinapatikana hata kwenye vibanda vya minadani. Simu ambayo betri yake haipatikani Mugumu wala Tarime, ikichoka ndiyo basi.

3. *Laini mbili.* Hii ni muhimu kwetu. Mnunuzi mmoja anatuma kwa M-Pesa, mwingine Airtel Money. Wa mpakani wengine wana laini ya Kenya kwa ajili ya wateja wa Isebania. Lakini jua hili: kwenye simu nyingi za laini mbili, ukiwa unaongea na laini moja, ya pili haipatikani. Maongezi marefu siku ya soko yanafukuza wateja. Angalia pia ukubwa wa laini. Ile iliyokatwa ndogo kwa ajili ya simu janja inaweza isikae kwenye kitochi bila fremu yake.

4. *Kioo na batani.* Toka nayo nje ya duka, isome juani. Kisha andika namba kumi za simu haraka. Batani zikiwa zinagoma dukani, zikipata matope ya Tarime zitakufa. Na kosa la tarakimu moja wakati wa kutuma pesa unalijua.

5. *Nafasi ya SMS.* Hapa wengi wanaumia bila kujua. Vitochi vingi vina nafasi ndogo ya kutunza ujumbe. Ikijaa, ujumbe mpya hauingii, na huo mpya unaweza kuwa ndio wa malipo yako. Muulize muuzaji zinakaa ngapi. Kila Jumapili nakili miamala kwenye daftari, kisha futa za zamani. Na kamwe usipakie mzigo kwa kuonyeshwa SMS kwenye simu ya mnunuzi. Angalia salio lako mwenyewe.

6. *Redio na spika.* Iwashe uisikilize bila waya wa masikioni. Nyingine bila waya hazishiki stesheni hata moja. Mtu anayepalilia hawezi kuning'iniza waya siku nzima.

7. *Tundu la chaja.* Chagua linaloingiliana na chaja za nyumbani kwako au taa ya sola uliyonayo. Chaja ya pekee yako ikipotea, umepotea nayo.

8. *Uhalali.* Hili nina kidonda nalo. Mwaka 2016 nilikuwa na simu niliyonunua kwa mchuuzi wa barabarani, nzuri ajabu, bei ya kutupa. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka ule simu bandia zilizimwa nchi nzima, na yangu ikawemo. Asubuhi ilikuwa saa ya ukutani tu. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, piga *#06#. Itakuja namba ya IMEI, na simu ya laini mbili huleta mbili. Linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi na chini ya betri. Kisha itume kwa SMS kwenda 15090 usubiri majibu. Dai risiti yenye namba hiyo, na uulize dhamana ni ya muda gani. Muuzaji akianza kununa, rudisha hela mfukoni.

"Hii ina WhatsApp"

Utakutana na simu za batani zenye intaneti, zinazotumia programu ya KaiOS. Watu huziita kitochi janja. Si mbaya. Ila muuzaji akikushawishi kwa neno WhatsApp, kuwa macho. WhatsApp walishasimamisha huduma yao kwenye simu za KaiOS. Tangu katikati ya 2024 haikupakulika tena kwa mtu mpya, na mwanzoni mwa 2025 hata waliokuwa nayo ikakoma. Ukiipenda kwa sababu nyingine, nunua. Kwa WhatsApp, usinunue.

Simu janja inahitajika lini?

Sitaki mseme bwana shamba kawakataza simu janja. Picha ya jani lenye ugonjwa ikinifikia, inaniokolea safari na inakuokolea shamba. Mwenye wateja wa Mwanza wanaotaka kuona mzigo kwa picha kabla ya kutuma gari, anaihitaji kweli.

Lakini kikundi cha watu watano hakihitaji simu janja tano. Kuna vijana wa Serengeti wanaolima vitunguu, wana simu janja moja ya kikundi. Inakaa kwa katibu, inachajiwa nyumbani, inatumika kwa picha na bei za masoko. Kila mmoja ana kitochi chake cha wateja na pesa. Nilipowauliza nani aliwapa wazo hilo, mzee wa mmoja wao akadakia, "Mura, ng'ombe wa kukamua na ng'ombe wa kulima si mmoja." Sikuongeza neno.

Na kama uwezo unao, beba zote mbili. Laini ya pesa na ya wateja ikae kwenye kitochi, ya intaneti ikae kwenye simu janja. Video zikimaliza chaji, biashara bado iko hewani.

Ukishanunua

Hifadhi majina ya wateja kwenye laini, na uyaandike pia kwenye daftari. Simu huzama mtoni, daftari liko nyumbani. Weka namba ya siri ya laini, maana mwizi wa kitochi hataki kitochi, anataka pesa iliyomo. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usijibu, peleka namba ya tapeli kwenda 15040.

Wa Sirari na vijiji vya mpakani: ingia kwenye mipangilio ya simu, uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiacha ijichagulie. La sivyo itadaka mnara wa Kenya, na vocha itaondoka hujaongea.

Yule dada wa Nata? Msimu huu alipata SMS yangu siku ileile niliyoituma. Kesho yake saa moja asubuhi akanipigia: "Bwana shamba, nimewaona, bado wadogo. Nipige dawa ipi?" Simu ni ileile. Gundi ya plasta imeongezeka mgongoni, lakini iko hewani.

Kabla hujanunua simu mpya, basi, jiulize swali alilonifundisha: mnunuzi, jirani au bwana shamba akinitafuta saa ya shida, nitapatikana? Simu ikijibu ndiyo, lipa. Tukutane shambani.