Kasuku anayetoa shikamoo Bugolobi

UKIPITA jioni chini ya magorofa ya Bugolobi, hapa Kampala, usishangae kumsikia mtu mzima akizungumza peke yake huko juu kwenye roshani. Tazama vizuri. Huenda pembeni yake pana tundu, na ndani yake yumo kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ameinamisha kichwa upande mmoja kama hakimu anayesikiliza kesi.

Sokoni nako yuko mchinjaji anayezungumza na kaloli, yule korongo mkubwa mwenye kipara aliyejaa juu ya miti ya jiji hili kana kwamba analipa kodi. Mchinjaji humwita mteja, humkumbusha madeni yake, kisha humtupia utumbo. Kaloli hajibu. Kwa maumbile yake hana sauti ya maana, isipokuwa kugonganisha mdomo. Hata hivyo, mazungumzo huendelea kila siku.

Watu huuliza iwapo viumbe hawa huelewa wanachoambiwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na swali linalonigusa zaidi ni hili: mtu amekosa nini hadi maneno yake ayapeleke kwa ndege?

Jibu moja nililipata kwa jirani yangu, mama wa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1972 alikimbilia Tanzania kama raia wengine wengi wa Uganda waliomkimbia Idi Amin, akaishi Dar es Salaam hadi mwaka 1979. Alirudi na Kiswahili safi, lakini hakupata wa kuzungumza naye. Katika miaka ya Amin, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Wengi wa Kampala walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Watoto wa mama huyu walimwomba asikiseme mbele ya wageni.

Mwaka 2004 akanunua kasuku kwa mchuuzi aliyetoka upande wa Congo. Siku hiyohiyo akaanza kumsalimia kwa Kiswahili, na baada ya miezi kadhaa ndege akaitika. Leo mlango ukifunguliwa tu, kasuku husema “Shikamoo!” Humwamkia mzee, humwamkia fundi bomba, humwamkia hata mtoto wa muuza maziwa ambaye kwa desturi ndiye angepaswa kuamkia.

“Huyu hajui umri wa mtu, Mwalimu,” mama huniambia, “lakini adabu anayo.”

Aidha, amejifunza mlio wa mita ya Yaka umeme unapokaribia kwisha. Mara kadhaa mama ameinuka kitini kwenda kutazama mita, akakuta umeme upo tele.

Je, anaelewa? Wataalamu wamelifanyia kazi jambo hili. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu katika duka la Chicago, akamwita Alex. Hadi alipokufa mwaka 2007, akiwa na miaka 31, Alex alikuwa akitumia maneno zaidi ya 100. Aliweza kutaja rangi saba, kuhesabu vitu hadi sita, na kukataa kitu asichokitaka. Huko si kuigiza sauti tu.

Yuko pia ndege asiyefungwa tunduni ambaye huelewana na binadamu. Huyu ni kiongozi wa asali, ambaye wengine humwita mlembe. Katika eneo la Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao humwita kwa sauti maalumu, naye huwaongoza hadi kwenye mzinga. Watu huchukua asali, ndege hubaki na nta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wito huo huongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hivi hadi 66. Wahadzabe wa Tanzania wao humwita kwa mluzi. Mwaka 2023 watafiti walieleza kuwa ndege wa kila eneo huitikia zaidi wito wa wenyeji wake kuliko wito wa wageni. Naam, hata ndege hujifunza lugha ya mahali anapoishi.

Lakini mlembe huja kwa hiari yake na huondoka anapotaka. Kasuku wa roshani hakuja kwa hiari. Porini kasuku huishi kwa makundi, na maisha yake yote ni kuitana na kuitikiana. Akitengwa na wenzake, huishika sauti yoyote iliyo karibu, iwe ya bibi, ya pikipiki au ya mita.

Sisi tuliokulia ugenini tunalijua jambo hili. Wazazi wangu walikimbilia Kenya mwaka 1986 nikiwa na miaka mitano. Kiswahili nilikiokota uwanjani shuleni kwa sababu mtoto asiyekijua alisimama peke yake wakati wa mapumziko. Nakipenda, na ndicho kinachonilisha leo. Hata hivyo, sijasahau kwamba nilijifunza kwanza kwa kuogopa upweke. Ninapomsikia yule kasuku akisema shikamoo, huwa namwelewa zaidi kuliko anavyonielewa.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wenzangu mnaovuka mipaka kwa biashara. Kasuku wengi wa kijivu hunaswa kwa ulimbo uliopakwa matawini, huku ndege mwingine akifungwa hapo ili awaite wenzake. Yaani hukamatwa kwa sababu ya tabia ileile inayotufanya tuwapende: kuitikia wito. Kisha hukatwa mbawa na kushindiliwa kwenye masanduku, na wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi.

Hasara yake imekwisha kuonekana. Utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria kuwa Ghana ilikuwa imepoteza asilimia 90 hadi 99 ya kasuku hao tangu mwaka 1992. Mwaka huohuo, mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini, na amri hiyo ikaanza kutumika Januari 2017. Hapa Uganda, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu hadi kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Mwaka 2022 maofisa walinasa wilayani Kisoro, karibu na Bunagana, kasuku zaidi ya 100 waliotoka Congo. Faida ya sanduku moja haifai kulinganishwa na hatari hiyo.

Jirani yangu alipoelezwa haya, alinyamaza kwa muda mrefu. Kasuku aliyefugwa anaweza kuishi miaka 40 hadi 60, kwa hiyo huyu huenda akamzika mama. Kumfungulia tundu si kumkomboa, kwani hajui chakula cha msituni wala kundi lake liko wapi. Tumeandika pamoja barua kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kueleza habari zake na kuomba mwongozo. Mama anajua kuwa jibu linaweza kuwa Entebbe, kwenye kituo cha kutunza wanyama kilichoanzishwa mwaka 1952. Barua aliitia sahihi mwenyewe.

Lipo jingine lililobadilika. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe shuleni. Mjukuu wa mama sasa anakisoma darasani. Kasuku akisema shikamoo, kijana hujibu “Marahaba” na kucheka, kisha humgeukia bibi yake na daftari la maswali.

Basi, ukiletewa sanduku Mpondwe, Bunagana au kwingineko, kataa na utoe taarifa. Na ukiwa umerudi nyumbani na lugha ambayo huna wa kuisema naye, tafuta mtoto mwenye kazi ya Kiswahili ya kufanyia nyumbani. Hao sasa wapo wengi, na wanahitaji msaada.